Hii Ajali Ina Kinga

Timu ikifungwa huku nusu ya ukuta wake iko kwa madaktari, hukumu hutolewa kabla jasho halijakauka: bahati mbaya. Makocha wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, husema hivyo kwa upole, watangazaji kwa huzuni. Mashabiki nao, wakiwemo wale wa Nairobi na Dar es Salaam wanaokesha hadi saa 8:30 usiku kusubiri fainali ya Super Bowl ianze, hulirudia neno hilo asubuhi kazini wakiwa na macho mekundu. Majeruhi walikuwa wengi. Wangekuwa wazima wote, matokeo yangekuwa mengine. Ajali haina kinga, basi yamekwisha.

Hayajakwisha. Ajali ya aina hii ina kinga, kinga hiyo ina bei, na bei yenyewe hujulikana miezi mingi kabla ya mtu yeyote kuumia.

Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huu kwa karibu: kila shambulizi huanza na ukuta wa wanaume 5 waliojipanga mstari mmoja mbele ya kwotabeki, yule mpiga pasi ambaye kwa kawaida ndiye anayelipwa kuliko wote. Katikati yupo senta, ubavuni mwake walinzi wawili wa ndani, na mwishoni mwa mstari walinzi wawili wa pembeni, wanaopambana na wapinzani wenye mbio kali zaidi. Wengi wao huzidi kilo 136. Kwa kawaida hawafungi wala hawapokei pasi, na namba zao husikika zaidi mwamuzi anapotangaza kosa. Kazi yao ni kumpatia kwotabeki sekunde mbili au tatu za utulivu, na huifanya watano kama mtu mmoja. Mpinzani akikatiza ghafla kutoka kwa mlinzi wa pembeni kwenda kwa senta, hupokezwa kama kijiti cha mbio. Anayechelewa kupokea huwaponza wenzake wote. Ndiyo maana mtu wa akiba hapa ni mali adimu kuliko mahali pengine popote uwanjani: haitoshi awe na nguvu, lazima ajue mwenzake wa kushoto atahamia wapi kabla hajahama.

Mchezo ambao hutajwa kila mara kuthibitisha hoja ya bahati mbaya ni Super Bowl ya 55, iliyochezwa Tampa tarehe 7 Februari 2021. Kansas City Chiefs, mabingwa watetezi, walichapwa 31 kwa 9 na Tampa Bay Buccaneers. Patrick Mahomes, ambaye miezi 7 kabla ya hapo alisaini mkataba wa miaka 10 unaoweza kufikia dola milioni 503, alibanwa mara 29, idadi ambayo hakuna kwotabeki aliyewahi kukumbana nayo katika fainali hiyo. Kwa vipimo vya ligi, alikimbia jumla ya yadi 497 nyuma ya ukuta wake kabla ya kupiga pasi au kuangushwa. Ni zaidi ya mita 450 za kukimbia nduki, tena kwa mguu wenye kidole kilichofanyiwa upasuaji siku chache baadaye. Kinachouma zaidi ni kwamba Tampa walituma watu wa ziada kumvamia kwa nadra sana. Wanne wao wa kawaida walitosha.

Utetezi wa Kansas City si wa kubeza. Eric Fisher, mlinzi wa pembeni kushoto, alichanika kano ya kisigino wiki mbili tu kabla ya fainali, katika mechi dhidi ya Buffalo. Mitchell Schwartz wa upande wa kulia alikuwa nje tangu Oktoba kwa maumivu ya mgongo. Kelechi Osemele aliumia magoti yote mawili mwezi huohuo. Laurent Duvernay-Tardif, daktari aliyesomea McGill, aliuacha msimu mzima akaenda kuhudumia wazee katika kituo cha matunzo huko Quebec wakati wa korona, na heshima yake inabaki palepale. Chipukizi Lucas Niang naye alijiondoa. Watu 5 wamepotea, ukuta mzima.

Lakini ziangaliwe tarehe. Duvernay-Tardif na Niang walijiondoa kabla msimu haujaanza. Osemele na Schwartz waliumia Oktoba, na dirisha la kubadilishana wachezaji lilifungwa mwanzoni mwa Novemba. Kati ya watu 5, ni Fisher peke yake aliyepotea dakika za mwisho. Wanne waliobaki walikuwa pengo linaloonekana kwa macho kwa miezi kadhaa, na pengo hilo lilizibwa kwa kuhamishahamisha watu. Schwartz ndiye aliyewalewesha waajiri wake: tangu aingie kwenye ligi mwaka 2012 hadi Novemba 2019 alikuwa hajakosa hata shambulizi moja la timu yake, mfululizo wa mashambulizi 7,894. Anayemwona mtu wa namna hiyo kila Jumapili husahau kwamba naye ana mgongo.

Usiku wa fainali, ni senta Austin Reiter pekee aliyesimama mahali alipoanzia msimu. Andrew Wylie, mlinzi wa ndani, alisukumwa pembeni kulia. Mike Remmers, aliyezoea kulia, alipelekwa kushoto. Remmers huyohuyo, miaka 5 kamili kabla ya siku hiyo, tarehe 7 Februari 2016, alikuwa mlinzi wa pembeni wa Carolina katika Super Bowl ya 50, mechi ambayo Von Miller wa Denver aliivuruga peke yake hadi akatawazwa mchezaji bora. Kumwita Remmers suluhisho la upande wa kwotabeki asikoona ni matumaini, na matumaini hayazuii mtu.

Anayeng'ang'ania bahati mbaya hutakiwa kueleza jambo moja zaidi kuhusu usiku ule: Tampa nao walikuwa na majeruhi. Alex Cappa, mlinzi wao wa ndani wa kulia, alivunjika kifundo cha mguu katika mechi ya kwanza ya mtoano. Nafasi yake ilichukuliwa na Aaron Stinnie, kijana ambaye mwaka 2018 hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, ule mgao wa kila mwaka wa vijana wanaotoka vyuoni. Stinnie alicheza dhidi ya New Orleans, akacheza dhidi ya Green Bay, akacheza fainali, na Tom Brady akatwaa taji lake la 7. Hakuna aliyeandika habari za Stinnie kwa sababu hapakuwa na habari. Mtu wa akiba akifanya kazi yake, pengo halionekani, na timu husifiwa kwa kuwa na bahati.

Huo ndio uongo mkubwa uliomo katika imani hii. Philadelphia Eagles walimpoteza Jason Peters, mmoja wa walinzi bora wa kizazi chake, kwa jeraha la goti Oktoba 2017. Desemba wakampoteza kwotabeki Carson Wentz, naye kwa goti. Kwa kanuni ya ajali haina kinga, msimu ulipaswa kufa hapo. Badala yake Halapoulivaati Vaitai, aliyechukuliwa raundi ya 5 ya drafti ya 2016, alisimama mahali pa Peters, Nick Foles akasimama mahali pa Wentz, na Februari 2018 Eagles wakawafunga New England 41 kwa 33. Watu walimsifu Foles, na alistahili. Vaitai hakuimbiwa.

Kilichofuata ndicho kinachowatenganisha wenye akili na wenye visingizio. Miezi isiyozidi mitatu baada ya ubingwa, wakiwa hawana shida ya haraka, Eagles walitumia chaguo la 233 kumchukua Jordan Mailata, Mwaustralia mwenye asili ya Samoa aliyecheza ligi ya raga ya Sydney na ambaye hakuwahi kucheza futiboli ya Marekani hata siku moja. Kocha wa ukuta, Jeff Stoutland, alimfundisha kuanzia namna ya kusimama. Mailata hakucheza mechi rasmi hadi 2020. Ni timu gani inayoamini kwamba majeruhi ni kudra tupu ingemlea mtu miaka miwili bila kumtumia? Mwaka 2022 wakamchukua senta Cam Jurgens raundi ya 2 wakati Jason Kelce, senta wao gwiji, bado anacheza. Kelce alipostaafu Machi 2024, mrithi alikuwa ameshakaa naye misimu miwili.

Kinyume chake ni Cincinnati. Mwaka 2021, kwotabeki wao Joe Burrow akiwa anauguza goti lililochanika Novemba iliyotangulia, waliacha mlinzi Penei Sewell wakamchukua mpokeaji Ja'Marr Chase. Chase aligeuka nyota, na wengi walicheka kwamba waliomtaka mlinzi walikosea. Burrow aliangushwa mara 51 msimu huo na mara 19 zaidi katika mtoano, zikiwemo 9 kule Tennessee na 7 katika Super Bowl waliyofungwa na Los Angeles Rams 23 kwa 20. Shambulizi lao la mwisho lilikufa mikononi mwa Aaron Donald. Somo likaeleweka nusu: 2022 wakanunua watu watatu wapya wa ukuta, akiwemo Cappa yule wa Tampa, lakini nyuma yao hawakuweka akiba ya kutosha. Kufikia katikati ya Januari 2023, La'el Collins, Cappa na Jonah Williams wote walikuwa wameumia.

Haki isemwe: wakiwa na akiba watatu waliichapa Buffalo 27 kwa 10 ugenini, kwenye theluji. Wiki moja baadaye Kansas City walimwangusha Burrow mara 5 na kushinda 23 kwa 20. Mashabiki wa Cincinnati hulikumbuka kosa la Joseph Ossai, aliyemsukuma Mahomes nje ya mstari mwishoni. Wanamwonea. Timu iliyofungwa kwa pointi 3 ilikuwa imeshapoteza yadi nyingi mno mikononi mwa ukuta wa kuazima.

Wapo watakaosema fedha. Kweli, ligi ina kikomo cha mishahara, na 2021 kikomo hicho kilishushwa hadi dola milioni 182.5 kwa sababu ya korona. Kweli pia, tangu makubaliano ya 2011 mazoezi ya kugongana na vifaa kamili hayazidi 14 katika msimu wa kawaida, kwa hiyo wa akiba hapati nafasi ya kuiva. Lakini ligi yenyewe imeshakiri umuhimu wa watu hawa: tangu 2020 timu huruhusiwa kuvalisha wachezaji 48 siku ya mechi endapo angalau 8 ni wa ukuta, la sivyo hupungukiwa mtu. Na kuhusu gharama, Kelce alichaguliwa wa 191. Trey Smith, ambaye Julai 2025 alisaini mkataba wa dola milioni 94 kwa miaka 4, alichaguliwa wa 226. Watu hawa walipatikana kwa bei ya kutupa na wale waliokuwa wanatafuta.

Kansas City walikuwa wanatafuta, kwa muda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wao waliujenga wote: Machi 2021 wakawaacha Fisher na Schwartz, wakamlipa Joe Thuney dola milioni 80, wakamtoa Baltimore Orlando Brown, wakachagua Creed Humphrey na Trey Smith. Siku ya kwanza ya msimu mpya, hakuna hata mmoja kati ya watu 5 wa ukuta mpya aliyekuwa ameichezea Chiefs msimu uliotangulia. Februari 2023 ukuta huo ulikutana na Eagles, timu iliyowaangusha makwotabeki mara 70 msimu huo, na Mahomes hakuanguka hata mara moja. Pembeni kulia alisimama Andrew Wylie, yuleyule aliyedhalilishwa Tampa, safari hii baada ya kupewa muda wa kuizoea nafasi hiyo.

Kisha wakasahau. Brown aliondoka 2023, mrithi wake Donovan Smith akafuata baada ya msimu mmoja, na 2024 wakaanza bila mlinzi wa kushoto wa uhakika. Hapa hapakuwa na ajali yoyote. Kingsley Suamataia, chipukizi, aliwekwa benchi wiki ya pili. Wanya Morris naye hakutosha. D.J. Humphries, aliyesajiliwa Novemba akiwa ametoka kupona goti, aliumia paja mara tu alipoanza. Mwishowe Thuney, mlinzi bora wa ndani katika ligi, akageuzwa kiraka na kupelekwa pembeni, na kwa hatua hiyo nafasi mbili zikawa dhaifu badala ya moja. Ushindi 15 katika mechi 17, nyingi kwa tofauti ndogo, ulificha yote hayo. Tarehe 9 Februari 2025 Eagles hawakutuma mtu wa ziada hata mara moja, wakamwangusha Mahomes mara 6, na wakaongoza 34 kwa 0 kabla ya kumaliza 40 kwa 22. Mwezi uliofuata Thuney alipelekwa Chicago kwa chaguo moja la raundi ya 4.

Mwishoni mwa Agosti kila timu hupunguza kikosi kutoka wachezaji 90 hadi 53. Shabiki anayetaka kujua timu yake itafika wapi asianze na kwotabeki. Atafute majina ya mtu wa 6, wa 7 na wa 8 kwenye ukuta, aone wamecheza wapi, upande gani, na chini ya kocha yupi. Asipowapata, lawama zake azipeleke kwa meneja mkuu siku hiyohiyo, wakati wote bado ni wazima.