Zafarani iitwe zafarani, manjano yaitwe manjano

Mnunuzi anayeingia katika duka la viungo, Visiwani au Bara, haoni ajabu kuonyeshwa kifuko cha nyuzi nyekundu au unga wa rangi ya dhahabu, akaambiwa kwamba hiyo ni zafarani iliyolimwa hapa hapa kwetu. Bei ni nafuu, rangi inang'aa, na mgeni huondoka ameridhika. Tunaona wakati umefika jambo hili lisemwe waziwazi. Kitu kinachouzwa kwa jina hilo na kwa bei hiyo si zafarani. Mara nyingi nyuzi hizo ni za ua la mmea mwingine, wa jamii moja na alizeti, na unga huo ni manjano.

Zafarani ya kweli ni vijiuzi vitatu vyekundu vinavyotolewa ndani ya kila ua moja la zambarau. Kilo moja iliyokauka huhitaji maua yapatayo 150,000, nayo huchumwa kwa mkono. Mmea wenyewe hauzai mbegu. Huzalishwa kwa vitunguu vyake vya ardhini, na hutaka kiangazi kikavu na majira ya baridi ya kweli. Ndiyo sababu Iran hutoa sehemu kubwa kabisa ya zafarani ya dunia. Unguja na Pemba, zenye joto na unyevu, si makao yake. Wala Tabora haina baridi ya namna hiyo.

Sisi tunaoandika kutoka Kipalapala, pembezoni mwa mji wa Tabora, tunayo sababu ya kulitazama jambo hili kwa jicho la historia. Burton na Speke walipofika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wenye asili ya Unguja na Omani wamekwisha kufanya maskani na kulima. Njia ile ya misafara ilipitisha pembe na watumwa, na kwa hilo hatuisifu hata kidogo. Lakini ilipitisha mimea pia, na kila uliopatana na udongo ukawa wetu. Miembe ya Tabora na Ujiji ni ushahidi. Zafarani haikuota hivyo. Imebaki kuwa kitu cha kuletwa kutoka mbali, na hakuna aibu katika kulikiri hilo.

Heshima ya zafarani katika nyumba za Waswahili haitokani na bei peke yake. Huloanishwa katika maziwa ya vuguvugu au maji ya waridi, ikanyunyizwa juu ya wali wa biriani. Hutiwa katika halua. Masheikh huifanya wino wa kuandikia kombe, ambalo huoshwa na mgonjwa akanywa maji yake. Manjano nayo yana cheo chake: ndiyo rangi ya mchuzi, na ndiyo yanayotiwa katika singo ya bibi arusi. Basi mgonjwa anayekunywa kombe ana haki ya kujua kwamba anakunywa zafarani, si rangi ya kutilia nguo. Hapa ndipo udanganyifu mdogo wa dukani unapogeuka kuwa jambo la afya ya umma.

Mfano wa Bangladesh unafaa kuzingatiwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba manjano yalikuwa yakichanganywa na rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, nayo ni sumu inayodhuru akili za watoto. Serikali ya huko haikukaa kimya. Ilipima, ikatoza faini, ikawaelimisha wananchi. Sampuli za sokoni zenye risasi zilikuwa asilimia 47 mwaka 2019; kufikia 2021 hazikuonekana tena. Nchi isiyo tajiri iliweza, basi hata sisi tunaweza.

Kuhusu tiba, tunawasihi wananchi wawe na kiasi. Zipo tafiti, nyingi zikiwa ndogo, zinazoashiria kwamba zafarani huweza kupunguza huzuni. Na manjano yamechunguzwa sana. Lakini kiungo cha chunguni si badala ya hospitali, na zafarani ikizidi sana ni hatari, hasa kwa mama mjamzito.

Nani anayepata hasara? Kwanza ni mlaji. Wa pili ni mkulima wa manjano, ambaye zao lake halipewi nafasi ya kujijengea sifa kwa jina lake lenyewe. Wa tatu ni Visiwa vyetu, ambavyo jina lao katika biashara ya viungo lilijengwa na karafuu halisi. Asali ya misitu ya miombo ya Tabora haikuhitaji kuazima jina la asali ya ng'ambo ndipo ipendwe. Imepata sifa kwa kuwa ni asali ya Tabora.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar na Taasisi ya Viwango Zanzibar, pamoja na Shirika la Viwango Tanzania kwa upande wa Bara, zipime mara kwa mara viungo vya madukani. Kipimo cha kimataifa cha zafarani, ISO 3632, kipo tayari. Kila kifuko kionyeshe jina la mmea na mahali ulikotoka, maana hata majina yetu hutofautiana: Bara wengi husema binzari wakikusudia manjano, ilhali Visiwani bizari huweza kuwa kiungo kingine kabisa. Na maofisa wa utalii wawafundishe wauzaji na waongozaji wageni kusema kweli.

Yule mwenye duka asihofie hasara. Mteja aliyeuziwa manjano mazuri kwa jina la manjano atarudi. Aliyeuziwa uongo atagundua siku moja, jikoni mwake, na hatarudi.