Dada Staa, Kwenye Hicho Kikopo Umeweka Nini?

Leo sitaji jina, ila mtamjua tu. Yule dada wa Bongo Movie aliyehamia kwenye vipodozi, sasa anauza krimu ya "mimea asilia" ya pumu ya ngozi. Mlonge, mshubiri, manjano, mdalasini na karafuu za Uluguru. Eti inaondoa sumu, inajenga ngozi upya, siku 3 tu mtoto kawa laini. Kikopo sh. 35,000. Hapa Mwembesongo kina mama wanachangishana kununua.

Sina ugomvi na mimea. Mshubiri unapoza kweli, na mlonge una viini vya kulinda seli zisiharibike (mchicha nao unavyo, tena fungu bei chee). Lakini kiini kuwemo kwenye jani sio sawa na jani kutibu. Pumu ya ngozi ni ngozi isiyoshika unyevu: inakauka, inapasuka, mtoto anajikuna usiku kucha. Halafu hapo hapo umpake mdalasini na karafuu? Jamani, hivyo vinaweza kuwasha hata ngozi isiyo na kidonda!

Na hizo siku 3 ndizo zinanitisha zaidi. Jani haliendi na spidi hiyo. Kinachotuliza ngozi haraka vile ni steroidi, kama betamethazoni au klobetazoli. Ni dawa halali kabisa, ila daktari ndiye anasema nguvu gani, upake wapi, siku ngapi. Ikifichwa kwenye kikopo, mama anapaka uso mzima miezi na miezi. Ngozi inakuwa nyembamba, akiacha ugonjwa unarudi kwa hasira. Kwa mtoto mchanga inaweza kupenya hadi kwenye damu.

Sisemi dada kaweka. Nasema kikopo hakina orodha ya vilivyomo, hakina alama ya TBS, hata tarehe ya kuisha hakuna.

Mashabiki mtasema wivu. Haya, wivu. Pale KCMC Moshi wanafundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, sisi tunatibiwa na status za WhatsApp!

Mama, kwa sasa mpake vaselini ya kawaida akitoka tu kuoga, ngozi ikiwa bado na majimaji. Sabuni za marashi weka pembeni, kisha mpeleke hospitali.

Na wewe dada, posti picha ya lebo yenye vilivyomo vyote. Za gari tumeshaziona.