Raba Zinazofia Ndani

Kila muhula unapokaribia kwisha, boksi la kukusanyia viatu huwekwa karibu na mlango wa chumba tunachokutania, na wanachama hulijaza raba za kukimbilia walizozichoka. Boksi hilo huungana na mizigo ya kwenda Mombasa, na huko viatu hugawiwa vijana wanaofanya mazoezi ya mbio. Ni kazi njema na hatutaki ife. Lakini tukiyatazama yaliyomo, tunaona kwamba viatu vingi vinavyoingia humo havifai tena kukimbilia, japo vinang'aa. Wenye kuvitoa si wachoyo. Wanapima uzima wa raba kwa macho, na katika mji huu macho hayatoshi.

Tuanze na neno lenyewe, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Kiatu hiki tumekiita raba, kwa jina la ile sehemu ngumu ya chini inayogusa barabara. Kwa hiyo mtu akiambiwa raba imekwisha, hukigeuza kiatu na kutazama chini: mistari bado ipo? kisigino kimelika upande? Nyumbani kipimo hicho hakikuwa kibaya. Changarawe na vumbi la barabara za kijijini huila soli mapema, na soli ikitoboka hakuna anayehitaji kuelezwa.

Ila katika raba ya kukimbilia ya siku hizi, kazi kubwa haifanywi na soli. Inafanywa na sponji nene iliyo juu yake. Sponji nyingi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo EVA, iliyojaa vipovu vidogo mno vya hewa. Mkimbiaji anapotua, mguu hupokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Vipovu hubonyea, kisha hurudi vilivyokuwa. Kwa kila kilomita mguu mmoja hutua kama mara 500. Baada ya kilomita 600 sponji ya kiatu kimoja imekwisha kubonyezwa mara 300,000 hivi. Kuta za vipovu hulegea na kukunjamana, na mwisho sponji hubonyea bila kuinuka. Kwa nje huoni kitu. Kiatu kimefia ndani.

Dubai inaficha kifo hicho kuliko miji yetu ya nyumbani. Tazama tunakimbilia wapi. Miezi ya baridi ni njia laini ya ufukwe wa Jumeirah, iliyotandazwa mpira. Kuanzia Mei joto linapofukuza watu nje, ni mashine za kukimbilia za jimu. Agosti 2025 serikali ya mji ilianzisha hata Dubai Mallathon, maduka makubwa yakafunguliwa asubuhi mapema ili watu watembee na kukimbia humo penye ubaridi. Mkanda wa mashine na marumaru ya dukani havili soli. Mwanachama anaweza kukimbia mwaka mzima, akageuza raba yake, akaona mistari imesimama kama siku ya kununua, akaitia katika boksi kwa moyo mweupe akidhani bado mpya.

Halafu kuna joto lenyewe. Raba iliyoachwa katika buti ya gari mchana wa Julai inapikwa. Gundi inalegea, sponji inalainika kisha inapoteza umbo. Na hata kisichovaliwa hakiko salama. Soli za plastiki ya aina ya polyurethane huoza kwa unyevu wa hewa, ndiyo maana viatu vilivyotunzwa kabatini miaka mingi kwa ajili ya safari huweza kumomonyoka siku ya kwanza barabarani. Aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja amewahi kuona mtu akiingia arusini na viatu vizuri, akatoka na nusu.

Kiatu hubadilishwa lini basi? Kadirio linalotajwa sana ni kati ya kilomita 500 na 800. Hilo si amri. Mtu mzito, au anayetua kwa kishindo, atafika mapema, mwepesi atapitiliza. Anayekimbia kilomita 5 mara nne kwa wiki anamaliza 500 kwa wiki 25, yaani miezi sita tu. Wengi wetu tukipiga hesabu hiyo tutashtuka. Zaidi ya hesabu, kiatu kina dalili zake. Kiweke juu ya meza tambarare ukitazame kwa nyuma: kikiinamia ndani au nje, sponji imelala upande. Tazama ubavuni: mikunjo inayobaki hata mguu usipokuwamo ni sponji isiyoinuka tena. Bonyeza kwa kidole gumba ndani ya kisigino. Na sikiliza miguu. Maumivu mapya ya magoti au ya mifupa ya mbele ya miguu, kwa mtu ambaye hakuongeza mazoezi, yanatosha kukitilia kiatu shaka. Hatusemi kila goti linalouma limeumizwa na raba, mambo ya mwili yana sababu nyingi. Kitu rahisi cha kuanza kukiuliza ni kiatu.

Tunajua jibu la mwanafunzi: hela. Raba mpya ya kampuni inayojulikana hapa inaweza kufika dirhamu 400 hadi 600, na fundi wa Satwa anaweza kukugandishia soli kwa bei ndogo. Fundi ataponya soli kweli, lakini sponji hana dawa yake. Nafuu ipo kwingine. Kampuni hubadilisha matoleo karibu kila mwaka, na toleo la mwaka jana, ambalo mara nyingi limetofautiana na jipya kwa rangi na jina tu, hushuka bei sana wakati wa Dubai Shopping Festival na yale maonyesho ya punguzo la kiangazi. Anayejua kilomita zake anajua miezi miwili mbele kwamba atahitaji kiatu, akangoja punguzo. Asiyejua hununua siku goti linapouma, kwa bei yoyote.

Wala tusitishwe na mbwembwe za matangazo. Septemba 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:11:53, akavunja rekodi ya dunia ya wanawake akiwa na raba ya Adidas ya dola 500 ambayo kampuni yenyewe ilisema imetengenezwa kwa mbio moja, pamoja na muda kidogo wa kuizoea. Hicho ni kifaa cha kazi ya siku moja. Sisi wa kilomita 5 baada ya swala ya Isha tuna haki ya kiatu kinachofika nusu mwaka.

Turudi kwenye boksi. Tulipolizungumza jambo hili katika mkutano, mwenzetu mmoja alisema: kijana asiye na kiatu atashukuru chochote, mwenye shida hachagui. Tunamheshimu, na hatukubaliani naye. Raba iliyolala upande imekwisha kuumbika kwa mguu wa mtu mwingine. Ukimpa kijana wa miaka 16 anayekimbia kilomita 80 kwa wiki, unaulazimisha mguu wake ufuate mwinamo wa mguu wako, kila hatua. Kijana yule kwenye udongo na nyasi, bila kiatu, angalau anakanyaga kwa mguu wake mwenyewe. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma 1960 akiwa pekupeku, na Tokyo 1964 akashinda tena, safari hiyo na viatu. Hakuna mahali katika habari yake ambapo kiatu chakavu cha mgeni kilimsaidia.

Na kuna heshima. Tangu 2016, nchi za Afrika Mashariki zilipotangaza nia ya kupunguza mitumba, tumejadili katika chama hiki kama mabara mengine yanatufanya jaa. Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba, Marekani iliisimamishia nafuu ya kuuza nguo bila ushuru mwaka 2018, na wengi wetu tulisimama upande wa Rwanda. Haifai kutetea hoja hiyo mezani huku boksi la mlangoni linasema lingine.

Pendekezo letu ni dogo. Siku ya kwanza ya kuvaa raba mpya, andika tarehe ndani ya ulimi wa kiatu kwa kalamu ya wino usiofutika. Anayetaka kutoa aitoe ikiwa na kilomita 300, pungufu kidogo au zaidi kidogo, ingali na maisha. Iliyopita 500 ibaki kwake: ya kuendea darasani, sokoni Deira, kwenye baiskeli. Asiye na raba ya kutoa anaweza kutoa dirhamu 20, na hela zikitosha tununue huko huko Kenya, ambako kampuni ya Enda, yenye jina la Kiswahili na toleo la kwanza lililoitwa Iten, inauza raba za kukimbilia. Tutaokoa na nauli ya mzigo.

Boksi litawekwa tena wiki ya mwisho kabla ya mitihani. Safari hii pembeni yake patakuwa na meza tambarare, na wawili kati yetu watakaa hapo kutazama visigino kwa nyuma. Viatu vitakavyorudishwa kwa wenyewe, wasituonee vibaya.