Litoeni Gari la Marehemu Likakimbie

Kuna imani iliyoota mizizi Marekani kwamba gari la misuli (muscle car) lililoachwa na marehemu haliguswi. Libaki na injini ile ile, kabureta ile ile, hata redio ambayo haijashika stesheni tangu enzi za Rais Nixon. Mrithi akisema anataka kulifufua akashindane nalo mbio za robo maili, anaonekana mhuni anayetaka kula urithi. Nasema imani hiyo ni potofu. Haililindi gari, na wala haimheshimu aliyeliacha.

Tuanze na magari yenyewe, maana wanaoyafanya masalia matakatifu wamesahau yalizaliwaje. Mwaka 1963 wakubwa wa General Motors waliziamuru kampuni zao zijitoe kwenye mbio. Magari ya ukubwa wa wastani nayo yalikuwa na ukomo: injini isizidi inchi za ujazo 330. Pontiac, mojawapo ya kampuni hizo, ambako John DeLorean alikuwa mhandisi mkuu, wakaona mwanya. Waliitoa injini ya inchi 389, yaani lita 6.4, kama nyongeza ya hiari kwenye Tempest LeMans ya mwaka 1964. Nyongeza hiyo ndiyo GTO, na mwaka wa kwanza tu zikauzwa zaidi ya 32,000. Miaka minne baadaye Plymouth wakaja na Road Runner: bei ya kuanzia chini ya dola 3,000, kiti cha mbele kirefu cha kukaa watatu, sakafu ya mpira badala ya zulia, na chini ya boneti injini ya inchi 383. Anasa zote zilitolewa ili fedha ya mnunuzi iende kwenye mwendo.

Na mahali pa mwendo palikuwapo. Wally Parks alianzisha chama cha mbio za magari cha NHRA mwaka 1951 ili vijana waache kukimbizana barabarani na badala yake washindane kwenye njia maalumu, yenye kanuni na wakaguzi. Kijana wa kiwandani aliweza kwenda na gari lake kazini Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi akalipeleka kwenye robo maili, yaani mita 402 za lami iliyonyooka, kisha akarudi nalo nyumbani. Kwa hiyo anayesema kulikimbiza gari hilo ni kulidhalilisha anabishana na watu waliolitengeneza na waliolinunua.

Imani hii imetoka wapi basi? Imetoka minadani. Watu wameona kwenye televisheni Plymouth Hemi 'Cuda ya mwaka 1971, yenye paa la kukunja, ikiuzwa dola milioni 3.5 mwaka 2014, wakaenda gerejini kwao kulitazama gari la babu kwa jicho jingine. Sibishani kuhusu magari ya namna hiyo. Chevrolet walitengeneza Camaro ZL1 za mwaka 1969 zipatazo 69 tu. Mwenye moja ya hizo aifungie kabatini akitaka, nami nitamshikia ufunguo. Lakini Ford Mustang za mwaka 1966 zilitoka kiwandani zaidi ya 600,000, nyingi zikiwa na injini ya silinda sita au V8 ya inchi 289. Ukirithi gari la namna hiyo umerithi gari zuri la watu wa kawaida. Kulipigia hesabu za mamilioni ya mnadani ni kujidanganya mchana kweupe.

Halafu huo utunzaji wenyewe ukoje? Katika nyumba nyingi maana yake ni turubai na kufuli. Gari lililosimama halibaki lilivyo hata kidogo. Petroli ya siku hizi Marekani kwa kawaida ina ethanoli asilimia 10, nayo hunyonya unyevu, ikalala kwenye bakuli la kabureta na kuacha uchafu na kutu. Mipira ya mafuta ya miaka ya sitini haikuundwa kwa ajili ya ethanoli, inalainika, inapasuka. Oili sili zinakauka. Mafuta ya breki nayo hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo yanaila masta silinda kwa ndani. Injini iliyosimama huwa na vali zilizobaki wazi, na unyevu hupenya humo mpaka ringi za pistoni zikashikana na kuta za silinda. Panya wanamalizia kwenye waya. Miaka ishirini baadaye familia inafunua turubai na kujisifu kwamba gari halijaguswa. Kutu imeligusa kila siku.

Uhalisi wenyewe unaosifiwa una hatari zake. Itazame hiyo Mustang ya mwaka 1966 kwa karibu. Masta silinda yake ina chumba kimoja kinacholisha magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, pedali inazama mpaka sakafuni na breki zimekwisha. Ford waliiondoa kwenye Mustang za mwaka 1967 na kuweka ya vyumba viwili, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. Fungua buti: hiyo sakafu unayoiona katikati ni mgongo wa tangi la mafuta. Kati yake na abiria wa nyuma kuna kiti na kipande cha kadibodi. Mikanda ni ya kiunoni tu. Sasa kuna mtu anataka mtoto wa marehemu aliendeshe hivyo hivyo kwa jina la kumbukumbu! Masta silinda ya vyumba viwili na mabomba yake inafungwa na fundi mwenye akili timamu bila kukata bodi. Bamba la chuma la kutenga buti na abiria nalo linafungwa kwa skrubu. Matengenezo ya mbio huanzia hapo, kwenye kusimama, kabla ya kufika kwenye kukimbia.

Wapinzani watasema mbio zitaligeuza gari kuwa mifupa iliyochomelewa mabomba. Hapo wanazungumzia mbio za kulipwa. Mbio za wasiolipwa zilizoenea huko ni nyingine kabisa. Kila dereva anaandika kwenye kioo, mara nyingi kwa dawa nyeupe ya viatu, muda anaokadiria gari lake litautumia. Tuseme Mustang yako imeandikwa 15.50 na mpinzani wako ameandika 11.70. Taa yako ya kijani itawaka sekunde 3.80 kabla ya yake. Ukiondoka kabla ya kijani, umeshindwa. Ukikimbia chini ya muda ulioandika na mwenzako hakufanya hivyo, umeshindwa vile vile. Yeye akipata 11.66 na wewe ukapata 15.53, amejipunja mwenyewe. Ushindi ni wako, hata kama amevuka mstari wa mwisho mbele yako.

Ndiyo kusema mshindi ni yule ambaye gari lake linarudia muda ule ule asubuhi na jioni, na anayeisoma taa vizuri. Injini ya inchi 289 iliyorekebishwa vizuri, yenye plagi safi, kabureta iliyopimwa na tairi zenye upepo sawa kila mzunguko, inatosha. Tena kwa kanuni za NHRA, gari lenye paa la chuma halilazimiki kufungwa nguzo za kukinga lisikuponde likipinduka mpaka lifikie sekunde 11.49 au pungufu. Gari la sekunde 15 halichomelewi chochote. Vaa kofia ngumu hata kama mkaguzi hakulazimishi, uende.

Mpaka wangu mimi ni mmoja: kinachofungwa kwa bolti kibadilishwe, kinachohitaji msumeno kiachwe. Usikate matao ya tairi, usitoboe sakafu, usichomelee chasisi kwa sababu ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ukitaka injini kubwa zaidi, itoe ile ya zamani, ipake mafuta, ifunge kwenye nailoni, uiandikie kibandiko na kuihifadhi pamoja na namba zake. Kila bolti iliyotoka iandikwe imetoka wapi na iko boksi gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hili linawahusu warithi wa magari kuliko mtu yeyote. Ukishika daftari hilo, mjukuu anaweza siku moja kulirudisha gari lilivyokuwa, kwa spana tu.

Limebaki suala la majonzi, na hilo silidharau. Kuna watu wanaogopa kwamba ukibadilisha kitu kimoja, baba anaondoka mara ya pili. Basi kiacheni kile ambacho ni chake kweli: usukani uliolika pale alipozoea kuweka mkono, kibonyeo cha mlangoni alichokataa kukinyoosha, risiti zake kwenye droo. Pampu ya mafuta haikuwa sehemu ya tabia yake. Mwenyewe angekuwa hai angeshaibadilisha, tena huku akiitukana.

Kwa hiyo kikao cha familia kikiitishwa, mrithi aende na daftari lake na bei ya masta silinda. Atakayesema gari lisiguswe aulizwe atachangia kiasi gani kila mwaka kulitunza likiwa limesimama, na ni lini mara ya mwisho alilifunua turubai. Asiye na jibu akae upande wa watazamaji, amwachie mwenye spana afanye kazi.