Simu imefungiwa kabatini, mafunzo yako wapi?

Mwanafunzi wa bweni akinaswa na simu, aghalabu hutumwa nyumbani akamlete mzazi. Kanuni hiyo hatuipingi. Masomo yanataka utulivu. Swali letu ni hili: likizo ya Aprili ikifika, simu ikawa mkononi mwake mchana kutwa na usiku kucha, ni nani aliyemfunza kuitumia?

Kundi lililoingia Gredi ya 10 nchini Kenya Januari 2026 lilikuwa darasa la kwanza mwaka wa 2017, mwaka mmoja baada ya serikali kuanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi. Mtaala wao unataja umilisi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi. Lakini katika shule nyingi umilisi huo bado ni kuwasha tarakilishi, kuchapa barua na kuizima.

Kuandaa habari kwa simu ni kazi nyingine, na ndiyo inayomfunza mwanafunzi kuitumia. Mwalimu mmoja mwenye simu moja awapeleke wanafunzi kwenye mfereji uliokauka nyuma ya mabweni. Watamhoji nani? Ameridhia kurekodiwa? Akiwa mtoto, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Bwana bohari wa shule anasemaje kuhusu mfereji huo? Wakimaliza kuihariri video ya dakika 3, watakuwa wamejionea jinsi maneno ya mtu yanavyoweza kukatwa yakageuka uongo. Aliyeshika mkasi huo mwenyewe hasambazi ovyo kila kinachoingia WhatsApp.

Na tusiwadharau vijana wetu. Juni 2024, vijana, wengine wakiwa wametoka shule za upili juzi tu, waliuchambua Mswada wa Fedha kwenye TikTok na X na kuufasiri kwa lugha za mama. Tarehe 26 mwezi huo Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Ujuzi huo hawakuupata darasani.

Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu linathibitisha kwamba wanafunzi wetu wanaweza kushika kamera. Tatizo ni kwamba huko hufika wachache, na shule isiyo na nauli hubaki nyumbani.

Wizara ya Elimu na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ziwafunze walimu kazi hii kabla ya kununua mitambo mingine. Nanyi walimu wakuu, msingoje waraka: muhula ujao tengeni saa moja kwa wiki, simu moja ya shule, na mwalimu mmoja aliye tayari.