Mieleka ya Korea: inchi mbili adui, urithi mumoja, na deni lenye halipendi kutajwa

Tarehe 10 mwezi wa 8 mwaka wa 2016, mu muji wa Rio de Janeiro, Popole Misenga, muzaliwa wa Bukavu, aliingia kwenye tatami bila bendera ya inchi yake. Alikuwa katika ekipe ya wakimbizi, ya kwanza kabisa katika Michezo ya Olimpiki, watu 10 tu. Pambano la kwanza alimushinda Muhindi Avtar Singh. La pili akakutana na Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka wa 2015 katika kilo 90. Popole alijikaza, uwanja ukimushangilia, lakini Mukorea alikuwa na nguvu zaidi. Gwak akarudi kwao na medali ya shaba.

Mashariki mwa Kongo wengi wanakumbuka siku ile juu ya Popole. Lakini upande wa Mukorea pia kuna habari. Judo ni muchezo wenye ulianzishwa na Mujapani, Kano Jigoro, mwaka wa 1882. Na Japani ndiyo ilitawala Korea kwa nguvu toka 1910 mpaka 1945. Namna gani inchi yenye ilikanyagwa ikakuwa mukubwa katika muchezo wa yule mwenye aliikanyaga? Na juu ya nini leo Wakorea wanabishana kati yao, na majirani wao pia, juu ya kujua nani alizaa mbinu gani ya kushika na kuangusha?

Swali hilo si la wanamichezo peke yao. Linagusa siasa ya sasa ya Korea mbili, zenye hazijatia sahihi mapatano ya amani toka vita yao iliposimama mwaka wa 1953.

Ssireum: kushika mushipi, kuangusha mutu

Kabla ya judo kufika, Wakorea walikuwa na mieleka yao, jina lake ssireum. Kila mushindani anafunga kitambaa kirefu kinaitwa satba, kinazunguka kiuno na paja moja. Kule Kusini mumoja anavaa chekundu, mwengine cha bluu. Wanapiga magoti juu ya muchanga, kila mutu anashika satba ya mwenzake, kisha wanasimama pamoja. Hakuna ngumi, hakuna teke. Mwenye kugusa chini kwa goti ao sehemu yoyote ya mwili iliyo juu ya goti, amepoteza.

Mbinu zinapangwa katika mafungu matatu: za mikono, za miguu, na za kiuno. Yenye watu wanapenda sana kutazama inaitwa deulbaejigi: kumuvuta mwenzako mpaka tumbo lake likae juu ya lako, kumuinua kutoka chini, na kumugeuza hewani. Nyingine ni kumufunga muguu kwa ndani na kumusukuma nyuma. Mutu wa judo akiiona hiyo ya pili, ataitambua mara moja, kwani na yeye anayo, kwa jina lingine.

Zamani ssireum ilichezwa siku kubwa za kijiji, kama sikukuu ya Dano, siku ya tano ya mwezi wa tano katika kalenda yao ya mwezi. Zawadi ya mushindi ilikuwa fahali. Kwa mulimaji, hiyo haikuwa zawadi ya kucheka: fahali ni shamba lenye kulimwa. Hata sasa mu Pyongyang, katika shindano kubwa la Kaskazini, mushindi anaondoka na fahali.

Picha ya kaburini: mugeni alikuwemo toka mwanzo

Wakorea wakitaka kuonyesha kwamba ssireum ni ya kale, wanaonyesha picha moja. Imechorwa kwenye ukuta wa kaburi la wakati wa ufalme wa Goguryeo, zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Wanaume wawili wameshikana kiunoni chini ya muti, na muzee mumoja amesimama kando na fimbo, kama mwamuzi.

Lakini picha hiyo ina mambo mawili yenye kuleta shida kwa mwenye kutaka kusema "hii ni yetu peke yetu." La kwanza: kaburi lenyewe liko Ji'an, ndani ya inchi ya China. Wachina nao wanahesabu Goguryeo kama sehemu ya historia yao, na hilo limewagombanisha na Wakorea. Mwaka wa 2004, UNESCO iliandika makaburi ya Goguryeo mara mbili kwa siku moja: yale ya Korea ya Kaskazini kwa jina la Kaskazini, na yale ya upande wa China kwa jina la China.

La pili: mumoja kati ya wale wanaume wawili ana pua kubwa ya kupindika na macho makubwa. Watafiti wengi wanaona ni mutu kutoka mbali, upande wa Asia ya kati. Ni kusema, katika picha ya kale sana yenye Wakorea wanayo ya mieleka, mugeni tayari yuko, ameshikana na mwenyeji.

Ni lazima kuwa na uangalifu hapo. Mieleka ya kushika mushipi ao nguo iko fasi nyingi. Wamongolia wana bökh, Wajapani wana sumo yenye kushika kitambaa cha kiunoni, Wachina wana shuai jiao. Hata Uswisi, mbali kabisa, wanashika kaptura ya mwenzao na kumuangusha juu ya unga wa mbao. Hakuna mutu atasema Mukorea alimufundisha Muswisi. Mwili wa mutu una miguu miwili na kiuno kimoja: wenye kutafuta njia ya kuuangusha wanafikia pa moja bila kuonana. Kati ya majirani wenye walifanya biashara na vita kwa miaka mingi, kukopana ni jambo la kuaminika. Lakini kufanana peke yake si ushuhuda kwamba huyu ni baba na yule ni mutoto.

Judo ikageuka yudo

Kwa judo, hakuna mabishano: ilitoka Japani na ikaingia Korea wakati wa Wajapani. Wakorea wanaiita yudo, maandishi ni yale yale ya Kichina, matamshi ndiyo tofauti. Kiisha uhuru wa 1945 wangeweza kuitupa pamoja na mambo mengine ya mukoloni. Hawakuitupa. Walibadilisha maneno: kile ulimwengu unaita ippon, wao wanasema hanpan. Ile mbinu ya kumubeba mutu mugongoni na kumutupa mbele, wanaiita eobeochigi, neno lenye linakaribia lile la mama mwenye kubeba mutoto mugongoni.

Kisha wakafanya kazi. Katika Olimpiki ya Tokyo ya mwaka wa 1964, Kim Eui-tae alichukua medali ya shaba. Mwaka wa 1984, Los Angeles, Wakorea wawili walichukua dhahabu, Ahn Byeong-keun na Ha Hyoung-zoo. Kaskazini nao: mwaka wa 1996, Atlanta, musichana wa miaka 16, Kye Sun-hui, alimushinda Mujapani Ryoko Tamura, mwenye dunia yote ilijua hashindwi.

Hata mambo ya hivi karibuni yanaonyesha namna uzi huo unavyosokotana. Mwaka wa 2024, Paris, Huh Mi-mi alichukua medali ya fedha kwa Korea ya Kusini katika kilo 57. Huh alizaliwa Japani, katika ukoo wa mutu mwenye alipigania uhuru wa Korea juu ya Wajapani, na aliacha uraia wa Japani ili avae rangi za Korea. Mwenye alimushinda katika fainali ni Christa Deguchi wa Canada, na yeye pia muzaliwa wa Japani. Wanawake wawili, bendera mbili, tatami ya inchi ya tatu.

Hapkido: jina moja na aikido, baba hajulikani vizuri

Shida inakuja kwa hapkido, ule muchezo wa Korea wa kupinda viungo, kukaba na kuangusha, pamoja na mateke. Alama tatu za kuandika hapkido ni zile zile za kuandika aikido ya Wajapani. Hiyo si bahati.

Mwanzilishi wake, Choi Yong-sool, aliishi Japani toka utoto na akarudi kiisha vita, akakaa Daegu. Alisema kwamba kule Japani alikaa miaka mingi na Takeda Sokaku, mwalimu mukubwa wa Daito-ryu. Takeda huyo ndiye alimufundisha pia Ueshiba Morihei, mwanzilishi wa aikido. Takeda alikuwa na tabia ya kuandika majina ya wanafunzi wake katika daftari. Jina la Choi halijapatikana mule. Wenye kumutetea wanasema alikuwa mutumishi wa nyumba, tena Mukorea, hangeandikwa. Wenye kumukatalia wanasema bila daftari hakuna ushuhuda. Choi alikufa mwaka wa 1986, na mabishano hayajaisha.

Mbinu zenyewe zinasema kitu: namna ya kukamata kifundo cha mukono na kukipinda mpaka mutu aende chini, hapkido na Daito-ryu zinakaribiana sana. Kisha wanafunzi wa Choi wakaongeza mambo yao. Mwanafunzi wake wa kwanza, Seo Bok-seop, alikuwa mutu wa judo. Ji Han-jae, mwenye alitia mateke mengi, aliwafundisha walinzi wa raisi Park Chung-hee, na anaonekana akipigana na Bruce Lee katika filamu Game of Death, iliyotoka mwaka wa 1978.

Katika Korea yenye ilikuwa bado na kidonda cha ukoloni, walimu wengi waliona vibaya kusema "hii tuliitoa Japani." Ilikuwa rahisi kusema imetoka kwa wapiganaji wa kale wa falme za Korea. Uchungu ule unaeleweka. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anapewa historia yenye haisimami, na siku anajua ukweli, anaanza kuona mashaka juu ya mwalimu na juu ya mengine yote aliyofundishwa.

2018: sahihi moja kwa inchi mbili

Hapo ndipo ssireum inaleta somo lingine. Kwa miaka mingi Korea mbili zilishindana hata katika urithi. Wimbo Arirang, Kusini iliuandikisha UNESCO mwaka wa 2012, Kaskazini 2014. Kazi ya kutengeneza kimchi, Kusini 2013, Kaskazini 2015. Kitu kimoja, karatasi mbili. Kwa ssireum pia kila upande ulikuwa umepeleka faili yake.

Mwaka wa 2018 hewa ilibadilika. Mwezi wa 2, wanamichezo wa pande zote mbili waliingia pamoja uwanjani kwa Olimpiki ya PyeongChang. Mwezi wa 4, maraisi walikutana ku mupaka. Mwezi wa 9, mu Baku, ekipe moja ya judo ya Korea zote mbili ilichukua shaba katika mashindano ya dunia ya ekipe. Mwezi wa 10, raisi Moon Jae-in alizungumuza na mukubwa wa UNESCO, Audrey Azoulay, juu ya kuunganisha faili. Na tarehe 26 mwezi wa 11, mu Port Louis, inchi ya Maurice, mieleka ya Korea iliandikwa katika orodha ya urithi wa watu wote. Ilikuwa mara ya kwanza inchi hizo mbili kuandikisha urithi pamoja. Hata tahajia walikubaliana kuweka zote mbili: Ssirum ya Kaskazini, mustari, Ssireum ya Kusini.

Je, mieleka ilileta amani? Hapana, na ni vizuri kulisema wazi. Siasa ndiyo ilifungua mulango, mieleka ikapita. Mulango ukafungwa tena. Tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka wa 2020, Kaskazini ililipua nyumba ya ofisi ya pamoja mu Kaesong. Mwanzoni mwa 2024, Kim Jong-un alisema Kusini ni adui mukubwa na kwamba kuungana hakuko tena. Mwezi wa 10 mwaka ule ule, Kaskazini ilivunja kwa mabomu barabara zenye zilikuwa zinaunganisha pande mbili.

Karatasi ya Port Louis yenyewe ingali inasomeka vilevile: urithi mumoja, inchi mbili. Ndiyo faida yake, na ndiyo mwisho wa faida yake. Haizuie bomu. Lakini imeweka mahali pa wazi neno lenye viongozi waliapa kulifuta, kwamba watu hawa wanaangushana kwa namna moja.

Kwa watu wa mashariki mwa Kongo, wenye wanajua vizuri namna mupaka unavyokata jamaa moja, ngoma moja, na jina moja la chakula, habari hii haina haja ya kufasiriwa sana. Mwenye kukubali kwamba kitu chake kinafanana na cha jirani hajapoteza kitu. Wakorea walipokubali wazi kwamba judo ilitoka Japani, waliifanya yao kwa jasho, mpaka wakachukua dhahabu mikononi mwa wenyewe. Pale walipoficha, kama kwa hapkido, miaka 70 imepita na wangali wanatafuta jina katika daftari.

Popole Misenga alirudi tena Olimpiki, mu Tokyo, mwaka wa 2021, bado katika ekipe ya wakimbizi. Alipoteza pambano la kwanza. Judo yake aliianzia Kinshasa, akaiendeleza Brazili, katika muchezo uliozaliwa Japani. Na hakuna mutu alimuuliza kama ni yake.