UJIRANI HAUPATIKANI KWA BENDERA

Wako matajiri wa nchi za mbali wasemao kwamba bahari haina mwenyewe. Kwamba mtu aweza kujenga mji ueleao juu ya maji, akapandisha bendera yake na kujitawala pasipo kumwuliza mtu. Ndugu msomaji aliyeko Gare, juu ya milima ya Usambara, pengine atauliza: mambo ya bahari yatuhusu nini sisi watu wa milimani? Yatuhusu, kwa kuwa swali lenyewe ni la kale: watu watakao kujitawala wafanye nini hata majirani wawakubali?

Kwanza tuitazame sheria. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuthibitisha mwaka 1985, wasema kwamba hakuna dola iwezayo kuitwaa bahari kuu iwe milki yake. Tena, kisiwa kilichojengwa kwa mikono ya watu hakihesabiwi kuwa sawa na kisiwa cha asili. Na hadi maili 200 kutoka pwani, ruhusa ya kukijenga ni ya nchi yenye pwani hiyo. Mwaka 2019 watu wawili walifanya makao katika kibanda kilichoelea mbali na pwani ya Phuket, wakidhani wamo nje ya mamlaka ya Thailand. Jeshi la majini la nchi ile likakiondoa kibanda. Hapakuwa na taifa lililosimama kuwatetea.

Huenda mtu akajibu: kibanda si kisiwa. Basi tuje karibu na kwetu. Kisiwa cha Anjouan, ambacho wenyewe hukiita Nzwani, kina ardhi, kina watu, kina miji ya tangu kale. Mwezi wa Agosti 1997 viongozi wake walitangaza kujitenga na Komoro, nchi iliyojipatia uhuru mwaka 1975. Malalamiko yao hayakuwa ya bure, maana waliona kwamba Moroni imewasahau. Lakini hapana taifa hata moja lililowatambua. Ufaransa yenyewe, waliyotaka kurudi chini yake, iliwakataa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika nao ulikataa, ukawawekea vikwazo. Kilichowafaa mwishowe ni mazungumzo ya Fomboni ya mwaka 2001, ambayo kwayo kila kisiwa kilipewa rais wake na madaraka yake ndani ya Muungano mmoja. Kile ambacho bendera haikuwapa, baraza liliwapa.

Mwaka 2007 Kanali Mohamed Bacar akafanya uchaguzi wake kisiwani, hali Serikali ya Muungano na Umoja wa Afrika zimemtaka auahirishe. Tarehe 25 Machi 2008 askari wa Komoro wakashuka Nzwani pamoja na askari wa Afrika, na vijana wa Tanzania wakiwamo. Kanali akakimbilia Mayotte kwa mashua. Watoto wetu walivuka bahari kwa ajili ya jambo hili. Nani basi atasema kwamba halimhusu mtu wa milimani?

Washambaa wanalo fundisho lao wenyewe. Masimulizi yasema kwamba Mbegha alikuja kutoka Nguu akiwa mgeni asiye na jeshi. Aliwinda nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaamua magomvi yao, akaoa miongoni mwao. Hakutangaza utawala; wenyeji ndio waliomwomba awatawale, wakamweka Vugha. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hiyo ndiyo njia, hata kwa mji wa kuelea. Atakaye kukaa baharini na abishe hodi kwanza kwa mwenye pwani. Mvuvi asiondolewe mahali atupapo nyavu zake. Taka za mji huo zisimwagwe majini mwa watu. Mji usiwe maficho ya wakwepao kodi za makwao. Panapotokea ugomvi, uletwe mbele ya mahakama inayoheshimiwa na pande zote mbili. Pasipo hayo, jirani ataona kwamba amevamiwa, na atakuwa na haki ya kuona hivyo.

Lakini wajibu hauko upande mmoja. Nasi tulio majirani yatupasa kuyasikiliza malalamiko ya watu wa visiwani mapema, kabla hayajawa bendera na bunduki. Kama Nzwani wangalisikilizwa mapema, huenda mapatano ya mwaka 2001 yangalipatikana kabla ya 1997, na askari wasingalihitajika. Mtu hukubaliwa na jirani kwa wema autendao na kwa ahadi aitimizayo. Na jirani mwema hangoji kelele ndipo afungue mlango.